Kurosawa, Ozu au Mizoguchi: uanze na nani?

Ukimuuliza mpenzi wa sinema uanze wapi na filamu za zamani za Kijapani, atakujibu kabla hujamaliza swali: Seven Samurai ya Kurosawa. Mimi nami nililitoa jibu hilo kwa miaka, na limenipotezea watu. Rafiki yangu mmoja alifika dakika ya arobaini, akaona samurai saba, wapiganaji wanaokusanywa kulinda kijiji, bado hawajatimia, akazima akalala. Simlaumu. Filamu ile ina dakika 207, na mtu aliyetoka kazini saa kumi na mbili jioni, akamalizana na foleni na daladala, hana dakika 207 za kumpa mtu asiyemjua.

Siku hizi naanza na swali jingine: wewe ungependa kukaa wapi? Maana waongozaji watatu wakubwa wa kizazi kile, Akira Kurosawa, Yasujiro Ozu na Kenji Mizoguchi, wanatofautiana kwanza kabisa kwa mahali wanapoiweka kamera, na hapo ilipo kamera ndipo utakapokaa wewe. Kurosawa anakutumbukiza katikati ya matope. Ozu anakukaribisha mkekani. Mizoguchi anakusimamisha mbali kidogo, kama jirani anayeona jambo likitendeka upande wa pili wa uwanja na hana la kufanya. Kila mahali pana raha yake, pana na adha yake.

Majina ya filamu nayaacha kama yalivyozoeleka mtandaoni, ili ukitafuta upate.

Kurosawa: kwenye matope

Kurosawa alizaliwa Tokyo mwaka 1910, akatoa filamu yake ya kwanza 1943, na hadi anafariki 1998 alikuwa ameongoza filamu 30. Kumi na sita kati ya hizo alimtumia Toshiro Mifune, mwigizaji ambaye hata akikaa kimya anaonekana kama anataka kuvunja kitu. Kwa Kurosawa hali ya hewa nayo ni mhusika. Mvua hainyeshi, inapiga. Upepo unabeba vumbi la kijiji kizima. Vita ya mwisho ya Seven Samurai inapiganwa kwenye matope, na aliipiga kwa kamera kadhaa kwa wakati mmoja, kwa lenzi ndefu zinazovuta vitu vya mbali, kwa sababu vurugu kama ile huwezi kuwaambia watu na farasi wairudie mara sita. Ndiyo maana hata usipoelewa neno unajua nani amekasirika, nani anaogopa, na adui anatokea upande gani.

Hilo si jambo dogo kwetu. Nakala nyingi za filamu hizi zina tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, Kiswahili hakuna. Ukitazama na mtu asiyekisoma Kiingereza, au asiyependa kusoma huku anatazama, inabidi umsimulie. Na hapa Wajapani ni ndugu zetu kuliko tunavyodhani. Enzi za filamu bubu, kumbi zao za sinema zilikuwa na benshi, msimulizi aliyesimama pembeni ya pazia akiigiza sauti za wahusika wote, akieleza na kutia chumvi. Wapo walioingia ukumbini kwa ajili ya benshi kuliko kwa ajili ya filamu. Aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha video akimsikiliza Lufufu, au DJ Afro kwa walio Kenya, hahitaji kuelezwa zaidi. Kaka yake Kurosawa, Heigo, alikuwa benshi, na ndiye aliyemfungulia mdogo wake mlango wa sinema. Filamu za sauti zilipoingia, kazi ile ikafa, na mwaka 1933 Heigo akajiua. Huwa nahisi filamu za Kurosawa zimeacha nafasi ya yule msimulizi. Zinasimulika.

Kwa hiyo ukimchagua Kurosawa, usianze na saba wale. Anza na Ikiru ya 1952 au High and Low ya 1963. Kila moja ina dakika 143, yaani zaidi ya saa nzima pungufu ya Seven Samurai.

Ikiru inamhusu Kanji Watanabe, mkuu wa kitengo katika ofisi za jiji, karibu miaka 30 kazini na hakuna alichofanya zaidi ya kugonga mihuri. Anagundua ana saratani ya tumbo. Mapema kwenye filamu kinamama wa mtaa mmoja wanakuja kuomba dimbwi la maji machafu lifukiwe ili watoto wapate mahali pa kuchezea. Wanaelekezwa dirisha hili, kisha lile, idara moja baada ya nyingine, mpaka wanajikuta pale pale walipoanzia. Mtazamaji wa Dar au wa Kisumu hahitaji tafsiri ya sehemu hiyo, amewahi kuambiwa njoo kesho. Halafu, mbele zaidi, Kurosawa anafanya jambo ambalo waongozaji wengi wangeliogopa: anaihamishia filamu msibani, wafanyakazi wamekaa kwenye tatami, mikeka ya Kijapani, wanakunywa sake, pombe ya mchele, wakubwa wanagombea sifa za kazi ya marehemu. Sijavunja siri, kwani msimulizi hafichi tangu mwanzo mtu huyu anaelekea wapi. Waingereza waliirudia hadithi hii mwaka 2022 kwa jina la Living, kwa mswada wa Kazuo Ishiguro. Ni nzuri, ila imepigwa pasi mno.

High and Low ni ya upelelezi. Tajiri wa kiwanda cha viatu, Mifune huyo huyo, anapigiwa simu kwamba mwanawe ametekwa. Kumbe mtekaji amekosea, amemchukua mtoto wa dereva. Je, utalipa pesa zako zote kwa ajili ya mtoto wa dereva? Sehemu kubwa ya mwanzo inafanyika kwenye sebule moja, juu ya kilima cha Yokohama, na hutachoka. Filamu nzima ni nyeusi na nyeupe, isipokuwa moshi mmoja unaotokea wa rangi ya waridi. Ukiuona utajua kwa nini.

Kasoro ya Kurosawa ni kwamba anapaza sauti. Jambo akitaka ulielewe atalisema, atalionyesha, kisha ataleta muziki uliseme tena. Na wanawake kwake mara nyingi wako pembeni, wake au mabinti wa mtu fulani. Kama hilo linakukera, ruka uende kwa Mizoguchi.

Ozu: mkekani

Ozu alikuwa na umri wa kuwa kaka yake Kurosawa, wa 1903. Alifariki tarehe 12 Desemba 1963, siku aliyotimiza miaka 60. Kaburi lake Kamakura halina jina, lina herufi moja tu yenye maana ya utupu. Hakuoa, aliishi na mama yake, na sehemu kubwa ya kazi yake ya ukubwani ilihusu kuozesha mabinti.

Kamera yake iko chini, usawa wa mtu aliyeketi kwenye tatami na mara nyingi chini zaidi ya hapo. Karibu haisogei kabisa. Mtu akitoka chumbani, kamera inabaki na chumba. Wahusika wakizungumza wanakutazama karibu machoni, kama vile mgeni anayeambiwa ni wewe. Kwa watu waliokua wakila kwenye mkeka, pembe hiyo si ya kigeni hata kidogo, ndivyo tulivyowaona wakubwa wakizungumza.

Shida ya Ozu ni kwamba hakuna kinachotokea, na kinachotokea anakiruka. Katika Late Spring ya 1949, dakika 108, baba mjane anataka binti yake aolewe, na binti hataki kumwacha baba peke yake. Filamu nzima ni habari ya posa, na bwana harusi hatumwoni hata kwa kisogo. Harusi yenyewe haimo. Kwetu harusi bila picha za bwana harusi ni kesi, lakini Ozu anajua kwamba habari haikuwa pale ukumbini.

Namna bora ya kuwapima hawa wawili ni kuweka Ikiru kando ya Tokyo Story ya 1953, maana zimepishana mwaka mmoja na zote zina wazee ambao watoto wao hawana muda nao. Katika Ikiru, Watanabe anarudi nyumbani na habari ya ugonjwa wake. Anakaa gizani. Mwana na mkewe wanaingia wakipanga namna ya kutumia mafao ya mzee kujengea nyumba, wanawasha taa, mzee yule hapo. Unasikia kitu kimekukaba koo. Mwana amefumaniwa, nawe uko upande wa baba, hakuna mjadala.

Tokyo Story haikupi starehe hiyo. Mzee na mkewe wanasafiri kutoka Onomichi kwenda Tokyo kuwaona watoto. Mmoja ni daktari, mwingine, Shige, ana saluni. Wana kazi, wana wateja, wana watoto wao. Basi ndugu wanachanga pesa wawapeleke wazazi Atami, kwenye chemchemi za maji moto, hesabu ikiwa kwamba itakuwa nafuu kuliko kuwatembeza mjini. Usiku hoteli ina kelele za vijana, wazee hawalali, asubuhi wanaamua kurudi. Hakuna aliyefanya ubaya. Anayewapa wazee siku yake ya kazi ni Noriko, mkaza mwana, mjane wa kijana wao aliyefia vitani. Yaani mtu asiye wa damu.

Niliitazama na mama mdogo, yeye akiangalia mimi nikisoma maandishi na kumsimulia, benshi wa Kinondoni. Robo saa ya kwanza alisinzia. Tulipofika kwa Shige akila zile keki alizoletewa kwa ajili ya wazazi na kulalamika kwamba mumewe ametumia pesa nyingi, akaamka kabisa: "Huyo namjua." Akawataja kwa majina, na majina hayo siyaandiki hapa. Kuanzia hapo kila nikifungua mdomo kutafsiri ananikatiza, mwanangu, nyamaza, naona. Hiyo ndiyo tofauti niliyoipata sebuleni bila kitabu. Kurosawa unaweza kumsimulia mtu na utamu ukaongezeka. Ozu ukimsimulia unamharibu.

Mwaka 2012 waongozaji wa filamu duniani waliopigiwa kura na jarida la Sight and Sound waliiweka Tokyo Story namba moja. Hata hivyo sikushauri uanze nayo. Ina dakika 136 na inataka uwe umeshamzoea mwenyewe. Anza na Good Morning ya 1959, ya rangi, saa moja na nusu hivi. Watoto wawili wanataka televisheni wapate kuangalia sumo, mieleka ya Kijapani. Baba anawaambia wanaongea sana. Wanamjibu kwamba wakubwa ndio wanaoropoka, habari za asubuhi, leo hali ya hewa nzuri, basi wanagoma kuongea kabisa. Na kuna mchezo wa kujamba unaorudi tangu mwanzo hadi mwisho. Ndiyo, huyo huyo Ozu wa kaburi la utupu.

Hawa wawili hawakuwa mahasimu, ingawa mashabiki wao ni mahasimu. Filamu ya kwanza ya Kurosawa ilipopelekwa mbele ya wakaguzi wa serikali wakati wa vita, wakaanza kuichambua kama mashtaka, aliyesimama kuitetea na kuisifu alikuwa Ozu. Kurosawa mwenyewe ndiye aliyekisimulia kisa hicho.

Mizoguchi: ng'ambo ya uwanja

Mizoguchi ni mkubwa wao, alizaliwa 1898 akafariki 1956. Familia yake ilipofilisika, dada yake mkubwa Suzu alitolewa kuwa geisha, mwanamke wa kulipwa kuburudisha wanaume, na tangu hapo mwongozaji huyu hakuacha kurudia swali lile lile: mwanamke huuzwa mara ngapi ili mwanamume apande cheo? Tukio anapenda kulipiga bila kulikata, kamera ikielea taratibu kwenye kreni, watu wakionekana wazima kuanzia kichwa hadi miguu, sura zao mbali. Hakukaribishi kwenye machozi. Mtu analia amekupa mgongo, na inauma zaidi.

Sansho the Bailiff ya 1954, dakika 124, ndiyo nzito kuliko zote ninazozitaja hapa. Ni karne ya 11. Gavana aliyewatetea wakulima anafukuzwa. Mkewe na watoto wao wawili wanasafiri kumfuata, wanahadaiwa ufukweni, mama anatupwa kwenye boti hii, watoto wanabaki nyuma wakipiga kelele. Mama anauzwa kisiwa cha Sado, watoto wanauzwa utumwani kwa Sansho, mwenye shamba ambaye filamu imechukua jina lake, si la mtu mwema yeyote. Miaka baadaye mtumwa mpya analetwa, anaimba wimbo akifanya kazi, na ndani ya wimbo yamo majina ya watoto wale. Kwa msomaji wa pwani, anayejua habari za Bagamoyo na soko la Mkunazini, tukio la boti lile si hadithi ya Kijapani tu.

Sansho ilipata Simba wa Fedha kwenye tamasha la Venice mwaka huo wa 1954, na Seven Samurai ya Kurosawa ikapata zawadi hiyo hiyo, mwaka huo huo. Ukiona mashabiki wanabishana nani mkubwa, wakumbushe kwamba waamuzi nao waliwapa wote wawili.

Kama Sansho inakutisha, nenda Ugetsu ya 1953. Ina dakika 97 tu. Mfinyanzi wa vyungu wakati wa vita vya karne ya 16 anamwacha mke na mtoto, anakwenda mjini kuuza, bibi mmoja mzuri anamwalika kasri kwake. Aliyelelewa kwa hadithi za majini wa kike atajua mapema kuliko mfinyanzi ni mwaliko wa namna gani, na hilo halipunguzi kitu. Sehemu ya mtumbwi kwenye ziwa lenye ukungu peke yake inatosha kukulipa.

Filamu yake ya mwisho, Street of Shame ya 1956, inawahusu wanawake wa danguro moja la Yoshiwara, mtaa wa madanguro wa Tokyo, huku bunge likijadili kupiga marufuku biashara hiyo. Sheria ilipita mwaka huo huo. Lakini mtu huyu wa kuwaonea wanawake huruma kwenye pazia hakufurahi Kinuyo Tanaka, nyota wa filamu zake, alipotaka naye kuongoza. Tanaka aliongoza, kuanzia 1953, filamu sita. Naye atafutwe.

Simu na runinga

Hili huwa haliandikwi na lina uzito. Kwenye simu, Ozu anastahimili: sura ziko katikati, picha imetulia, hakuna vumbi la kupoteza. Mizoguchi kwenye simu usijisumbue, watu watakuwa kama sisimizi. Kurosawa inategemea mwaka. Kabla ya The Hidden Fortress ya 1958 picha zake zina umbo la karibu mraba na zinakaa vizuri. Kuanzia hiyo alihamia picha pana, kwa hiyo High and Low itafute kwenye runinga au angalau kompyuta. Na kama runinga yako ina tabia ya kuvuta picha ijaze kioo, izuie. Acha weusi ukae pembeni. Ukiivuta, uso wa Setsuko Hara, yule Noriko wa Tokyo Story, unakuwa mpana kama chapati, na hilo ni kosa.

Wapo wengine. Ukipenda samurai lakini umechoka na sifa zao, Harakiri ya Masaki Kobayashi, ya 1962, itakufaa kuliko filamu yoyote ya Kurosawa: mzee mmoja anafika kwenye nyumba ya ukoo mkubwa akiomba uwanja wa kujiulia kwa heshima, halafu anaomba kwanza asimulie kisa. Kobayashi alikuwa askari vitani na akakataa kupandishwa cheo, hasira ile imo kwenye kila picha. Na kama unataka filamu inayohesabu pesa ya kodi, ya nguo na ya kusaidia ndugu, mtafute Mikio Naruse, When a Woman Ascends the Stairs ya 1960, habari ya mwanamke anayeendesha baa mtaa wa Ginza, Tokyo, na kila jioni anazichukia zile ngazi.

Basi ukiwa na jioni moja ya katikati ya wiki, umechoka, chukua Good Morning. Ukiwa na wenzako wawili watatu na runinga, High and Low. Ukiwa peke yako na una nguvu ya kubeba, Ikiru kwanza, Sansho wiki nyingine, zisifuatane.

Mama mdogo hakuendelea na Ozu, alisema mambo ya Shige yanamtosha nyumbani. Nilimwekea High and Low. Pesa zilipotupwa nje kupitia dirisha la treni akaniambia nirudishe nyuma, nikarudisha, akaniambia tena. Seven Samurai tumeipangia Jumapili mchana. Atakuja na vitumbua, na ameshauliza mapumziko ya katikati yatakuwa saa ngapi, kwa sababu yapo kweli, Kurosawa mwenyewe aliyaweka.